Biko Hakuuawa na Ngumi Peke Yake

Kila ifikapo tarehe 12 Septemba, wakubwa wa Afrika hukumbuka kwamba palikuwa na mtu aliyeitwa Steve Biko. Hotuba husomwa, mashada ya maua huwekwa, na wanaosoma hotuba hizo husahau kutaja jambo moja: Biko hakuuawa na ngumi za askari peke yake. Aliuawa na sheria iliyopitishwa bungeni na kutetewa mahakamani na watu wenye shahada.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ugaidi ya Afrika Kusini ya mwaka 1967 kilimruhusu afisa wa polisi mwenye cheo cha luteni kanali au zaidi kumzuilia mtu bila mashtaka, kwa muda usio na kikomo, ili ahojiwe. Kifungu hicho kikakataza mahakama yoyote kuamua uhalali wa kuzuiliwa huko au kuamuru mfungwa aachiliwe. Msomaji na ayatafakari hayo. Mtu akishawekwa mahali ambapo hakimu haruhusiwi kutazama, kinachosalia ni huruma ya mwenye funguo.

Walimwogopea nini? Hakukamatwa na bunduki. Alikuwa rais wa kwanza wa SASO, chama cha wanafunzi weusi, mwaka 1969. Mwaka 1973 serikali ilimpiga marufuku kuzungumza hadharani na kumfungia katika wilaya ya King William's Town. Huko huko alikofungiwa, yeye na wenzake walianzisha miradi ya kujitegemea, na mwaka 1975 ikafunguliwa zahanati ya Zanempilo kwa ajili ya maskini wa mashambani. Kosa lake lilikuwa kumfundisha mtu mweusi asijidharau, kwa maana aliyekwisha kujidharau hahitaji pingu. Utawala ulioishi kwa unyenyekevu wa watu haukuweza kulisamehe somo hilo.

Alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977 kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown. Akawekwa uchi katika seli mjini Port Elizabeth, na wakati wa kuhojiwa mwezi Septemba akaumizwa ubongo. Madaktari walimwona, nao wakawatii polisi badala ya kiapo chao. Usiku wa tarehe 11 Septemba alitupwa uchi nyuma ya gari la Land Rover na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Kesho yake alikufa, akiwa na umri wa miaka 30. Waziri Jimmy Kruger alidokeza kwamba marehemu alikuwa amegoma kula, kisha akatamka kwamba kifo hicho hakikumgusa. Polisi nao walidai kwamba kichwa kiligonga ukuta katika purukushani. Ulipofanyika uchunguzi wa mahakama, wakili Sydney Kentridge aliuanika uongo huo mbele ya dunia nzima, lakini tarehe 2 Desemba 1977 hakimu aliamua kwamba hakuna wa kulaumiwa.

Wapo watuambiao kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuganga ni tiba, na hakuna mganga atibuye jeraha alilokatazwa kulifunua. Mwaka 1996 familia ya Biko iliipinga sheria ya msamaha mbele ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikashindwa. Na tuikubali hukumu hiyo kwa hoja yake yenyewe: msamaha ulikuwa mapatano, na bei yake ilikuwa ukweli wote. Maafisa waliomhoji Biko hawakuilipa bei hiyo, na mwaka 1999 wakanyimwa msamaha. Basi aliyenyimwa msamaha hupaswa kwenda wapi, kama si kizimbani? Mwaka 2003 waendesha mashtaka walisema ushahidi hautoshi. Wahalifu hawakusema kweli, wala hawakushtakiwa. Aliyeyavunja mapatano hayo ni serikali, tena serikali ya watu waliokombolewa. Uchunguzi wa kifo hicho ulifunguliwa upya Septemba 2025, miaka 48 baadaye, wakati ambapo mashahidi wengi wamekwisha kuzikwa.

Sisi Wakenya tusiitazame Afrika Kusini kwa kiburi. Mwezi huo huo wa Desemba 1977, serikali yetu ilimtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini bila kumshtaki. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini kwa kudai vyama vingi. Waliotia sahihi hati hizo walikuwa Waafrika, waliokuwa wakiulaani ubaguzi wa rangi katika kila mkutano wa kimataifa. Na mwezi Juni 2025, mwalimu kijana alipofia mikononi mwa polisi jijini Nairobi, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukayakanusha. Ukuta ule wa Port Elizabeth umesafiri mbali.

Kwa hiyo atakaye kumheshimu Biko aache mashada na ashike kazi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 yasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya kazi. Wakili aidai haki hiyo kituoni usiku uo huo. Daktari aandike alichokiona, si alichoamriwa. Hakimu adai mfungwa aletwe mbele yake, amwone kwa macho yake. Nao wananchi wasikubali kifo chochote cha kizuizini kiitwe ajali mpaka aliyekuwa na funguo ajibu maswali kwa kiapo.