Sahihi ya Mgeni: Risala ya Wajiolojia wa Kanda ya Ziwa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wa meza kuu,
Wajiolojia wenzetu mliofika Mwanza leo, wengine bado mna vumbi la kambini kwenye viatu,

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu. Risala nyingi huanza kwa pongezi ndefu, kisha shida hufichwa aya ya mwisho, jirani na ombi la kipaza sauti kipya. Mwaka huu tumekubaliana tugeuze. Pongezi zetu ni za dhati ila ni fupi, na shida tutaisema sasa, kabla chai haijaletwa.

Shida yenyewe ni hii. Kazi ya jiolojia katika nchi hii tunaifanya sisi, lakini sahihi inayoifanya kazi hiyo iaminike kwenye masoko ya mitaji si yetu. Na haitakuwa yetu maadamu kujifunza kwetu kunakoma siku tunapovua joho la mahafali.

Yupo mwenzetu mmoja ukumbini humu, ameomba tusimtaje, ambaye ameushughulikia mwamba mmoja wenye dhahabu kwa miaka 11. Alianza kama kijana wa kupanga trei za sampuli. Akasimama usiku kwenye mitambo ya uchorongaji, akapima mita kwa mita, akaandika mwamba umebadilika wapi, mishipa ya mawe meupe imeelekea wapi, salfaidi zimeanza wapi na zimeishia wapi. Ndiye aliyechomeka sampuli tupu, sampuli pacha na sampuli za kulinganishia katikati ya mafungu yaliyokwenda maabara, ili maabara ikiteleza ijulikane. Siku ripoti ya mashapo ilipotakiwa kwenye soko la hisa ng'ambo, alikuja mgeni. Akakaa kambini siku mbili, akala ugali kwa sato, akauliza maswali mazuri, kwa kweli mazuri sana, akaondoka. Ripoti ilitoka na sahihi ya mgeni. Jina la mwenzetu lilikuwa ukurasa wa shukrani, tena limekosewa herufi moja.

Mgeni yule hatumlaumu. Kanuni ndizo zinazotaka hivyo, na kanuni zina historia yake. Mwaka 1997 dunia iligundua kwamba dhahabu ya Busang, kule Indonesia, ambayo kampuni ya Bre-X ya Kanada iliitangaza kuwa ni hazina kubwa ajabu, haikuwepo. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine kabla ya kufika maabara. Hisa zilizokuwa na thamani ya mabilioni ya dola zikageuka karatasi. Kanada ikaleta kanuni mpya mwaka 2001, kwamba ripoti ya madini ya kampuni iliyo sokoni lazima isimamiwe na mtaalamu anayetajwa kwa jina na anayewajibika yeye binafsi. Australia ilikuwa na kanuni zake za JORC tangu 1989, nazo zinadai jambo hilohilo. Kwa JORC, mtaalamu huyo awe na uzoefu usiopungua miaka 5 katika aina ileile ya mashapo anayoyatolea taarifa, na awe mwanachama wa chombo cha taaluma kinachotambuliwa, chenye maadili na chenye uwezo wa kumwadhibu hata kumfukuza.

Uzoefu tunao wa kumwaga, Mheshimiwa. Tunachokosa ni hicho chombo, pamoja na kile ambacho vyombo vya namna hiyo humdai mwanachama mwaka hadi mwaka: umejifunza nini tangu tulipoonana mwisho? Vyombo vya Uingereza, Australia na Afrika Kusini huwataka wanachama wao waweke kumbukumbu za kozi walizohudhuria, makala walizowasilisha, migodi waliyoizuru na vijana waliowalea. Wachache wetu waliofanikiwa kujiunga huko hulipa ada kwa fedha za kigeni kutoka mfukoni mwao, na zile saa za mafunzo wanazitafuta usiku kwenye simu, bando likiruhusu.

Tumewauliza wote waliosaini risala hii swali moja: tangu uhitimu, kuna mamlaka yoyote nchini iliyokuuliza umejifunza nini kipya? Hakuna aliyejibu ndiyo. Tunao waliohitimu kabla ya simu za mkononi kuingia nchini.

Tazama majirani zetu wa kazini. Mhandisi tunayepanda naye gari moja kwenda mgodini ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Akitoka chuoni ana utaratibu wa kufanya kazi chini ya uangalizi kabla hajasajiliwa, anakula kiapo hadharani, na bodi inamfuatilia kama anajiendeleza. Mhasibu anayelipa mishahara yetu ana bodi yake, NBAA. Muuguzi wa zahanati ya kambi anajua kwamba leseni yake ya kazi inahitaji pointi za mafunzo. Na Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, ina sheria ya usajili wa wajiolojia tangu 1993. Sisi, mtu anaweza kuchoronga bonde zima, akaandika takwimu ambazo benki na vijiji vitaziamini, na akikosea anahamia kampuni nyingine na daftari lilelile.

Hili si suala la heshima yetu peke yake. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, yaani mchanga wenye madini. Makontena 277 ya mchanga huo yalikuwa yamezuiwa bandarini, na kamati ya kwanza ya kuyachunguza iliongozwa na mjiolojia, Profesa Abdulkarim Mruma. Kamati ikatoa takwimu zake, kampuni yenye mchanga huo ikazikataa, na kwa miezi kadhaa hata vijiweni watu walibishana kuhusu gramu kwa tani. Hatuko hapa kufufua ubishi ule. Tunachokumbusha ni kwamba ulihusu kipimo, na kila upande ulikuwa unauliza: nani amepima, kwa njia gani, na anaaminika na nani? Taifa lenye wajiolojia wengi wanaotambulika kimataifa huingia kwenye ubishi wa namna ile likiwa na mashahidi wake.

Tena madini yanabadilika. Wengi wetu wa Kanda ya Ziwa tumekulia kwenye dhahabu, na sasa tunaitwa kwenye nikeli ya Kabanga, grafaiti ya Mahenge na madini adimu ya Ngualla. Mtu wa dhahabu anajua kupigana na chembe moja kubwa inayopotosha wastani wa sampuli nzima. Grafaiti haina ugomvi huo. Huko unaweza kuwa na asilimia nzuri ya kaboni na bado usiwe na biashara, kwa sababu bei inategemea ukubwa wa magamba, na ukiusaga mwamba kwa pupa umeyavunja magamba na umeua bei kwa mkono wako. Hayo hayafundishwi na dhahabu. Wala ile miaka 5 ya uzoefu haihami nawe kutoka dhahabu ya Geita kwenda grafaiti ya Mahenge. Unaanza upya, na bila mtu wa kukufundisha unaanza upya gizani.

Serikali ilitangaza kwamba utafiti wa kina wa jiofizikia kwa kutumia ndege, ambao wakati huo ulikuwa umefika asilimia 16 ya nchi, ufike asilimia 50 ifikapo 2030. Tumelipokea kwa furaha, na wengine wetu tulipiga makofi mbele ya redio. Lakini ndege haisomi inachopima. Inaleta ramani za sumaku na mionzi zenye rangi kama kanga za Pwani, na lazima awepo mtu wa kusema: huu ni mwamba, hizi ni nyaya za umeme, hili ni kosa la kuchakata data. Ujuzi huo wa kutafsiri unahitaji programu ambazo leseni yake ya mwaka mmoja inazidi mshahara wa mwaka wa wengi wetu. Vijana hujifunza kwa toleo la majaribio la siku 30. Siku zikiisha, wanabadilisha barua pepe na kuanza tena. Tunalisema hili tukiwa na aibu kidogo, lakini tumekubaliana leo tusifiche.

Jiolojia si madini tu, pia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na kuua makumi ya watu. Wangapi kati yetu tunaweza kuchora ramani ya mteremko na kusema nyumba zisijengwe hapa? Wachache, na waliojifunza wamejifunza baada ya msiba.

Mheshimiwa, huenda ukatuuliza: mbona mafunzo yapo? Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinazitaka kampuni ziwe na mpango wa ajira na mafunzo, pamoja na mpango wa kurithisha nafasi za wageni. Ni kanuni nzuri. Ila tuambiane ukweli, mafunzo yanayohesabiwa ni yapi? Tumeona orodha ambapo maelezo ya usalama getini, yale ya kofia na viatu ambayo kila mtu hupewa siku ya kwanza, yamehesabiwa kuwa mafunzo ya mjiolojia. Tumeona mrithi wa nafasi akitajwa kwenye jedwali miaka minne mfululizo, huku anayerithiwa akiongezewa mkataba. Na wenye mikataba ya miezi mitatu mitatu ya msimu wa uchorongaji, ambao ndio wengi, hawamo katika mpango wowote. Kwa mwajiri, kumfundisha mtu wa miezi mitatu ni sawa na kumwagilia shamba la jirani.

Wanawake wenzetu wana lao zaidi. Nafasi ya kozi hutoka mara moja, na ikikuta mtu yuko kwenye likizo ya uzazi ya siku 84 inampita. Akirudi anaambiwa asubiri mzunguko mwingine. Mmoja wetu amesubiri mizunguko mitatu, kwa watoto wawili.

Haki itendeke, tujiseme na sisi. Wapo kati yetu wanaokwenda semina kwa ajili ya posho na begi la nailoni, wakisaini daftari asubuhi na kuonekana tena mchana kwenye wali. Wapo wakubwa wetu wanaokalia ujuzi kama kuku akaliaye mayai ya plastiki. Kijana akiuliza namna ya kukadiria mashapo anajibiwa, utajua ukikua. Tukipewa bodi, tunataka ianze na sisi wenyewe.

Tunachokidai, na tumechagua neno kudai baada ya kubishana jana hadi saa nne usiku, kwanza kabisa ni sheria ya usajili wa wajiolojia, yenye bodi inayoweza kumfuta mtu na inayomtaka kila aliyesajiliwa athibitishe anajifunza. Isiwe bodi ya kukusanya ada. Tukishakuwa na chombo chenye meno, ndipo tuna hoja ya kwenda kuomba kitambuliwe na hayo masoko ya ng'ambo, ili sahihi ya Mtanzania ipokelewe kwa jina lake. Madai mengine yote yanaegemea hapo.

Tunadai pia saa za mafunzo ziandikwe kwenye mkataba wa kazi, hata ule wa miezi mitatu, na maelezo ya getini yasihesabiwe. Tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri huilipa kwa kila mshahara inasaidia vyuo vya ufundi vya VETA na mikopo ya wanafunzi. Hatuwanyang'anyi wadogo zetu, tunaomba fungu dogo liwakumbuke walio kazini. Na anayepitia mipango ya kurithisha nafasi asiishie kwenye jedwali, amwite mrithi mwenyewe amuulize amefundishwa nini.

Jingine halihitaji bajeti kubwa. Kila mgodi ufungue shimo lake na ghala lake la sampuli kwa wajiolojia wengine siku mbili kwa mwaka. Siri za biashara zifichwe, miamba ionekane. Mtu aliyewahi kushika mwamba wa mgodi wa tatu huusoma wake kwa macho mengine. Dodoma, ambako idara ya jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, kuna kumbukumbu za karibu karne nzima. Wenzetu wa mikoani wapewe njia ya kuzifikia bila kuomba ruhusa ya safari wiki tatu kabla. Na wajiolojia walio katika ofisi za madini, ambao kila siku wanawashauri wachimbaji wadogo wenye maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, wahesabiwe kama wataalamu wanaohitaji kuendelezwa. Wanafundisha kuliko sisi sote, na kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi hatujaiona hata kamusi yake rasmi ya fani yetu. Mchimbaji wa Geita ana majina ya mawe ambayo hatujayaandika popote. Tungependa kuyaandika, tukilipiwa mafuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya risala hii iko kwenye bahasha ya kaki mbele yako, pamoja na kurasa za majina na sahihi zetu na hesabu ya gharama tulizolipa wenyewe kwa mafunzo ya mwaka jana, mtu kwa mtu. Hatutegemei majibu yote leo. La sheria tunaliombea tarehe. Kamati yetu ya watu watano iko tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayoitaja, isipokuwa wiki ijayo, maana watatu kati yao wanarudi kambini Jumatatu alfajiri.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wajiolojia wa Kanda ya Ziwa