Lipa kwanza, sifia baadaye

Wiki hii niko Sumbawanga, na habari ya mjini ni kimpumu, pombe ya ulezi ya Wafipa. Mwalimu wangu wa kuonja ni mshikaji mmoja, mzaliwa wa hapa hapa. Sheria yake ni moja tu: kabla hujasifia, lipa mwenyewe. Ukinyweshwa cha bure, ulimi si wako tena!

Majuzi kaja na chupa ya sherry, mvinyo wa Jerez, kusini mwa Hispania. Aina yenyewe inaitwa fino: kavu kabisa, asilimia 15 ya kilevi, imekaa kwenye pipa chini ya utando mweupe wa hamira. Onja, bwana! Inanukia unga wa mkate unaoumuka. Wanaosema divai lazima iwe tamu, poleni.

Tukahamia kwenye kimpumu. Kasheshe: muuzaji ni shangazi yake mshikaji.

“Vipi mwanangu, utaniandika vizuri?”

Nikamtazama mshikaji. Kimya.

“Shangazi, shikamoo yako iko palepale, ila cha leo kimechacha mno.”

Akanuna. Tukalipa, kila mtu chake. Jumamosi akaniita mwenyewe: “Njoo uonje cha leo. Na hela uje nayo!”