Umri wa Jiwe Hausomwi Usoni

Sisi wanaisimu twajua kwamba paa la nyumba na paa wa mbugani si neno moja. Ndivyo ilivyo kwa mawe ya graniti ya mashariki ya Greenland, huko Aktiki. Kwa macho yaweza kufanana. Lakini ndani ya chembe zake za zirikoni, urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Kipimo hicho kimefichua kwamba mengine yaliganda yapata miaka milioni 930 iliyopita, na mengine milioni 430, mabara yalipogongana yakainua milima ya Kaledonia. Anayeyahesabu rika moja hufuta sura nzima ya historia. Walimu wenzangu, tusiwakaririshe wanafunzi tarehe tupu. Tuwazoeze kuuliza, kwa Kiswahili sanifu: limejulikanaje?