Mtaji wa Mwanzo Si Tarakilishi

Muungwana aliyewanasihi hadharani vijana wa Palma na Mocímboa da Praia, huku Msumbiji, kwamba wakope, wanunue tarakilishi ya thamani, wabuni kwa kompyuta vielelezo vya majoka na magari, kisha wavitandaze katika masoko ya ng'ambo na kungoja riziki, amesema kweli moja na kuifunika kwa ghururi. Kweli ni kwamba programu ya Blender ya kubuni vielelezo hivyo, iliyo huria tangu 2002, haina bei. Ghururi ni kudhani kwamba mnunuzi aliyekwisha kuona majoka maelfu atalihitaji la mwanafunzi. Nasi tuna masonara wa kisiwa cha Ibo, wanaosokota nyuzi nyembamba za fedha kwa mkono, ambao kielelezo cha kumwonyesha mteja wa mbali pete isiyofuliwa bado kitawafaa, iwapo kimepimwa kwa milimita, na kila uzi unaoonekana humo waweza kweli kupindwa kwa koleo. Basi anayeanza na ashike kazi moja yenye mteja anayejulikana, apatane ujira, apokee arbuni, wala asikope metikali hata moja mpaka kazi yenyewe iweze kulibeba deni.