Soko la Mtandao Lisiwe Mlanguzi Mpya

Novemba 2019 kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake nchini Tanzania, na wauzaji waliolitegemea jukwaa lake wakalazimika kutafuta soko jingine. Somo hilo lisisahauliwe Musoma, Bunda na Butiama.

Hatukatai manufaa ya soko la mtandao: mkaushaji dagaa wa Musoma aweza kumfikia mnunuzi wa Dodoma bila kupitia kwa mlanguzi. Lakini mwenye jukwaa ndiye atozaye kamisheni, apangaye masharti na ashikaye orodha ya wateja. Muuzaji aliye peke yake hana nguvu ya kujadiliana naye.

Kwa hiyo twasema: wauzaji hawana budi kuungana katika ushirika, wafungashe kwa kiwango kimoja, wasafirishe mizigo pamoja, na watunze wenyewe majina ya wateja wao. Huko ndiko kujitegemea.