Jina Linajulikana Wapi?

Programu yenyewe ni fupi, mistari haifiki kumi. Juu kabisa mtunzi wake ameandika $bei = 1200, shilingi za kilo moja ya pamba kama zilivyotangazwa msimu wa 2019. Chini yake ametunga fankisheni, akaiita hesabu_malipo: ipokee kilo, izidishe kwa $bei, irejeshe jumla. Mkulima wa Bariadi aliyepima kilo 300 anastahili shilingi 360,000. Programu inajibu sifuri. Mtunzi anakagua alama ya kuzidisha, anakagua fomu ya kujazia kilo, anahesabu mabano na nuktamkato, anazima kompyuta na kuiwasha tena. Mwishowe anapata mtu wa kumwambia aongeze mstari mmoja ndani ya fankisheni, global $bei, na 360,000 inatokea. Anashukuru, anaendelea na kazi nyingine. Hoja ya toleo hili ni kwamba mstari ule haukutibu kitu. Ulinyamazisha dalili, na ugonjwa umebaki ukisubiri mkulima wa pili.

Tuanze na ile sifuri, maana watu wengi huipita haraka. Programu hiyo imeandikwa kwa PHP, na katika PHP fankisheni ni chumba kilichofungwa. Jina lililozaliwa nje halijulikani ndani mpaka liingizwe kwa mlango. $bei ya ndani ya hesabu_malipo si ile $bei ya juu. Ni jina tupu ambalo halijapewa thamani, na tupu mara 300 ni sifuri. Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni kudhani kwamba herufi zilezile zinataja kitu kilekile popote zinapoandikwa. Msomaji wa Simiyu hahitaji kompyuta kulielewa jambo hili. Usukumani kila penye mapacha pana Kulwa na Doto. Ndani ya mji wa mtu, mama akiita Kulwa anaitika mmoja, wala hakuna anayeuliza ni yupi. Liite jina hilohilo mnadani siku ya gulio uone ni vichwa vingapi vitageuka. Jina halina kasoro mahali popote kati ya hapo. Lina eneo lake. Eneo hilo ndilo tunaloliita katika kurasa hizi upeo wa kigeu, kigeu kikiwa jina linalobeba thamani, kama $bei.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu lugha za programu hazikubaliani kuhusu mipaka hiyo. Ukiandika hesabu hiyohiyo kwa JavaScript, fankisheni inaiona bei iliyo nje bila kuombwa, na jibu ni 360,000. Kwa Python pia bei ya nje inasomeka, mpaka siku utakapoongeza ndani ya fankisheni mstari wa kuibadili bei hiyo. Hapo Python inalihesabu jina kuwa la ndani kwa fankisheni nzima, hata kwa mistari iliyotangulia badiliko, na programu iliyokuwa ikifanya kazi jana inasimama kwenye mstari ambao hakuna aliyeugusa. Anayejifunza kutengeneza tovuti hukutana na PHP na JavaScript ndani ya faili moja, pengine mistari mitatu tu ikizitenganisha. Anahama kutoka nchi moja hadi nyingine bila kuona kibao cha mpaka. Wanaomwambia kwamba hakusoma vizuri wanamwonea. Alisoma vizuri sheria ya upande mmoja.

Kwa hiyo kutafuta hitilafu ya namna hii kunataka utaratibu wake, na utaratibu huo wakulima wa pamba wanaufahamu kuliko sisi. Wenye programu huita kosa mdudu, na mdudu wa pamba anayeogopwa ni funza wa vitumba. Tundu linaonekana kwenye kitumba, lakini yai lilitagwa kwingine, mara nyingi kwenye majani machanga ya juu ya mmea, siku kadhaa kabla. Ujumbe wa PHP hufanya vivyo hivyo: unakuonyesha faili na mstari ambapo jina tupu limetumika, yaani tundu. Haukuambii ni wapi jina hilo lilipaswa kuzaliwa wala ni wapi lilipopotea njia. Tena zamani hata tundu lenyewe halikuonyeshwa vizuri. Kabla ya toleo la 8, lililotoka Novemba 2020, kutumia kigeu kisichokuwapo kulileta taarifa ya daraja la chini tu, ambayo seva nyingi zilikuwa zimeagizwa zisiionyeshe. Toleo la 8 liliipandisha ikawa onyo. Bado programu haisimami. Inatoa onyo, inaendelea na sifuri yake.

Mkulima aliyefundishwa vizuri hupita shambani akihesabu wadudu kabla ya kushika bomba la dawa. Kwa fankisheni, kupita shambani ni kuchapisha thamani mahali pawili: mara tu baada ya mlango wa kuingilia, na mstari mmoja kabla ya kutoka. Kwa PHP ipo var_dump, kwa JavaScript console.log, na hazina gharama. Kama kilo zimeingia 300 na bei imeingia tupu, huna sababu tena ya kuitazama alama ya kuzidisha. Kama ndani vyote viko sawa na nje jibu halionekani, basi shida iko mlangoni, na hapo makosa mawili yanaongoza. La kwanza ni fankisheni inayochapisha jibu kwenye ukurasa badala ya kulirejesha. Macho yanaliona, lakini programu haina cha kushika. La pili ni fankisheni inayorejesha vizuri kabisa, ila aliyeiita hakuweka chombo cha kupokelea. Kuna na la tatu, dogo, linalokera: katika PHP $Bei na $bei ni vigeu viwili tofauti, ingawa majina ya fankisheni hayajali herufi kubwa na ndogo. Aliyeamua hivyo hakuwafikiria wanaojifunza.

Turudi kwa mkulima wa pili. Tuseme programu imekua, na mtu mwingine ameongeza fankisheni ya makato ya pembejeo. Naye anahitaji bei, safari hii ya chupa ya kiuatilifu, na kwa kuwa neno zuri la bei ni bei, anaandika global $bei na kuweka thamani yake. Mkulima wa kwanza analipwa sawasawa: malipo yamehesabiwa, kisha makato yamehesabiwa. Wa pili anahesabiwa kilo zake kwa bei ya chupa. Mjaribu programu aliyejaribu kwa mkulima mmoja, kama wajaribu wengi wafanyavyo, atasema kila kitu kiko salama. Wala kosa halimo ndani ya fankisheni yoyote kati ya hizo mbili. Isome moja peke yake, ni sahihi. Isome nyingine, ni sahihi. Kosa liko katika kitu kisichoandikwa popote, yaani mpangilio wa nani ameitwa kabla ya nani. Hiyo ndiyo gharama ya kigeu cha wote, kile kinachofikiwa kwa neno global: kinakunyang'anya uwezo wa kuisoma sehemu bila kuisoma programu nzima.

Hili halijagunduliwa leo. Lugha ya ALGOL 60 iliweka tangu mwaka wa 1960 kanuni kwamba jina liishi ndani ya kipande kilicholitangaza. Mwaka 1973 William Wulf na Mary Shaw walichapisha makala fupi iliyovishtaki waziwazi vigeu vya wote kuwa na madhara. Na mfano wa kutisha upo. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao walikufa. Uchunguzi ulikuta hitilafu kadhaa, na mojawapo ilihusu kigeu kimoja kilichotumiwa kwa pamoja na sehemu mbalimbali za programu. Kila mzunguko kiliongezwa moja, na kwa kuwa kilikuwa na nafasi ya baiti moja tu, kila mara ya 256 kilirudi sifuri. Sehemu nyingine iliisoma sifuri hiyo kuwa hakuna haja ya kukagua. Malipo ya pamba si mionzi. Lakini namna ya kukosea ni hiyohiyo: mmoja anaandika, mwingine anasoma, na hakuna mlango kati yao.

Hata lugha za tovuti zenyewe zimekuwa zikisogea upande mmoja tu. PHP ya zamani ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, ambapo kila kitu mgeni alichotuma kupitia anwani ya ukurasa kiligeuka kuwa kigeu cha wote. Mtu aliweza kuandika bei yake kwenye anwani, na programu isiyo makini ikaipokea. Mwaka 2002 mpangilio huo ulizimwa kwa kawaida, na mwaka 2012 ukafutwa kabisa. JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku 10, iliruhusu jina lisilotangazwa liwe la wote kimyakimya. Mwaka 2009 ikaja hali kali inayolikataa jina kama hilo, na mwaka 2015 zikaja let na const, zinazolifunga jina ndani ya mabano yake. Sijui mfano wa lugha kubwa iliyorudi nyuma na kuyafungulia majina milango.

Wapo watakaosema tunakuza jambo. Programu ya mistari kumi, ya chama cha msingi kimoja, haihitaji adabu ya mashine ya hospitali. Ni kweli, na kama ingebaki mistari kumi tusingeandika tahariri. Shida ni kwamba programu inayofaa huombwa kazi ya pili, na anayeiongezea mara nyingi si yule aliyeianza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaotuonyesha WordPress, inayoendesha tovuti nyingi duniani huku ikiwataka watunzi wa nyongeza zake waandike global $wpdb kila wanapotaka kufika kwenye hifadhidata. Kama wakubwa wanafanya, mdogo akatazwe kwa nini? Jibu letu ni kwamba $wpdb ni jina moja, linalojulikana na wote, lenye kiambishi kinacholitenga na mengine, na karibu hakuna anayelibadilisha. Watu hulitumia tu. Kigeu cha wote kinachosomwa na wengi na kuandikwa na mmoja kinavumilika. $bei inayoandikwa na kila anayepita haivumiliki.

Mwingine atasema: bei ya pamba kwa hakika ni ya wote, inatangazwa kwa nchi nzima, basi ifanywe thabiti isiyobadilika na tumalize. Pingamizi hili tunalipenda, kwa sababu linatulazimisha kuuliza kitu thabiti ni kipi. Bei ya 2019 ilikuwa shilingi 1,200. Msimu wa 2020 ulifunguliwa kwa 810. Aliyeiweka bei kuwa thabiti ya programu nzima, akaja kuibadilisha juu ya faili mwaka uliofuata, amebadilisha na ripoti za mwaka uliopita zinazohesabiwa upya kila zinapofunguliwa. Mkulima mwenye stakabadhi ya 360,000 atasomeka amestahili 243,000. Bei ni ya msimu, na msimu unapaswa kuingia mlangoni pamoja na kilo. Hata jina la mkoa halijawa thabiti hapa kwetu: rekodi za Bariadi za kabla ya 2012 ni za Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijamegwa, na mfumo unaodhani mkoa ni neno moja la kudumu utaziweka pasipo pake.

Limebaki pingamizi la lugha, nalo hatulikatai lote. Kijana anayefikiri kwa Kisukuma na kusoma kwa Kiswahili anasomewa kosa lake kwa Kiingereza, na wengine wanadai huko ndiko taabu yote inakotoka. Tafsiri ingesaidia, na inawezekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004. Ila onyo la kigeu kisichojulikana, hata likitafsiriwa kwa ufasaha, litaendelea kukuonyesha tundu na si yai. Lililo mikononi mwa mtunzi tayari ni majina yake mwenyewe. PHP na JavaScript hazidai Kiingereza kwenye vigeu. Aandike $bei_ya_pamba na $bei_ya_chupa, na ule mgongano wa mkulima wa pili unakosa pa kuanzia.

Marekebisho ya programu yetu ni mepesi: hesabu_malipo ipokee kilo na bei, vyote viwili kwa mlango, na neno global litoke. 300 kwa 1,200 ni 360,000. 300 kwa 810 ni 243,000, bila kugusa mstari wowote wa ndani. Ugumu umehamia kwa anayeiita, ambaye sasa lazima ajue bei ameitoa wapi. Na zipo fankisheni zisizo na jina, zinazobeba vigeu vya nje zinapozaliwa. Ile ya PHP, ikiandikwa kwa neno use, inabeba thamani ya wakati ule: ikizaliwa bei ikiwa 1,200, italipa 1,200 hata bei ya nje ikishuka. Ile ya JavaScript inabeba kigeu chenyewe, na bei ikishuka hadi 810 nayo italipa 810. Watunzi wawili, wazo moja, mkulima yuleyule, tofauti ya shilingi 117,000. Makala za toleo hili zinaanzia hapo.