Mbwa wa mbegu na hukumu za mtaani

MWENYE mbwa wa aina ya German Shepherd, Rottweiler au Boerboel katika miji yetu huulizwa maswali ambayo mwenye paka au mbuzi haulizwi kamwe. Akipita naye jioni kando ya barabara, mmoja atataka kujua mbwa huyo anakula kilo ngapi za nyama kwa siku, mwingine atauliza amekwisha kung'ata watu wangapi, na wa tatu atasema kwa sauti ya kusikika kwamba mbwa yule anakula vizuri kuliko yeye. Wasiouliza huvuka barabara.

Ni rahisi kuyachukulia hayo kuwa utani wa mtaani. Lakini nyuma ya utani huo kuna imani iliyoota mizizi, kwamba ukishaijua mbegu ya mbwa umekwisha kumjua mbwa mwenyewe, na pengine hata mwenye mbwa. Mbwa wa mbegu, au mbwa wa kizungu kama wengi wanavyomwita, huchukuliwa kuwa silaha. Anayemfuga ni tajiri mwenye kiburi au mtu mwenye jambo la kuficha. Mbwa wa kienyeji, yule tunayemwita koko, yeye ni wa jalalani na ndiye mwenye kichaa. Imani hiyo ina gharama, na wanaoilipa si wafugaji peke yao.

Jambo hili limepata uzito mpya kwa kuwa zipo nchi zilizoamua kuigeuza imani hiyo kuwa sheria. Uingereza ni mfano wa karibuni. Septemba 15, 2023, siku moja baada ya mwanamume mmoja kushambuliwa na mbwa wawili huko Staffordshire na kupoteza maisha, Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza kwamba mbwa wanaoitwa XL Bully watapigwa marufuku. Kuanzia Desemba 31 mwaka huo ikawa ni kosa katika England na Wales kuwauza, kuwazalisha au kuwatoa bure. Kuanzia Februari 1, 2024 ikawa ni kosa hata kuwa naye nyumbani bila cheti maalumu. Scotland na Ireland ya Kaskazini zikafuata mwaka huohuo.

Masharti ya cheti hicho ni mazito: mbwa ahasiwe, awekewe chipu ya utambulisho, akatiwe bima, na kila anapotoka nje afungwe mdomo na kushikwa kwa mnyororo. Mbwa zaidi ya 50,000 waliandikishwa. Fikiria familia yenye mbwa aliyelala miaka mitano miguuni mwa kitanda cha mtoto bila kumkwaruza mtu, ambaye usiku mmoja aligeuka kuwa mnyama wa hatari kwa tarehe ya kalenda.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba XL Bully si mbegu inayotambuliwa na Kennel Club, chama kikuu cha mbwa cha nchi hiyo. Kwa hiyo serikali ililazimika kuandika maelezo ya umbo: kimo cha kuanzia sentimita 51 kwa dume na 48 kwa jike, kichwa kipana, kifua kikubwa, misuli iliyojaa. Nasaba ya mbwa haiulizwi, wala mwenendo wake. Kinachoulizwa ni vipimo. Ndivyo ilivyokuwa pia katika sheria ya mwaka 1991 iliyopiga marufuku aina nne, akiwamo pit bull: chotara asiyejulikana baba wala mama, akipimwa na kuonekana anafanana na pit bull, basi kisheria ni pit bull.

Sidharau msiba wa waliofiwa. Mbwa wa kilo 50 akishika mkono wa mtoto hawezi kulinganishwa na mbwa wa kilo nane, na mfugaji anayelikataa hilo kwa kudai kwamba wake ni mpole anajidanganya. Lakini hiyo ni hoja ya ukubwa na nguvu. Hoja ya mbegu ni nyingine, na imekwisha kujaribiwa. Uholanzi ilizuia pit bull mwaka 1993, ikaja kuifuta sheria hiyo mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba haikupunguza watu kuumwa. Uingereza nayo, miaka 32 baada ya kutunga sheria yake, ikajikuta inaongeza jina jingine kwenye orodha ileile.

Afrika Kusini iliingia katika mjadala huo mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya watoto kadhaa kuuawa na mbwa aina ya pit bull katika muda mfupi. Ombi la kutaka wapigwe marufuku lilitiwa saini na watu zaidi ya laki moja. Hofu ilitanda kiasi kwamba wamiliki wengi waliwapeleka mbwa wao wenyewe kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama, wengine kwa sababu wamewaogopa, wengine kwa sababu wamewaogopa majirani.

Hukumu ya namna hii ina historia ndefu, na German Shepherd, ambaye huku kwetu kila mtu humwita mbwa wa polisi, ameionja kuliko wengi. Mbegu hii iliwekwa katika utaratibu mwaka 1899 na Mjerumani Max von Stephanitz kutokana na mbwa wa kuchungia kondoo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa Uingereza kila kilichoitwa cha Kijerumani kilichukiza, alipewa jina la Alsatian, na hakurudishiwa rasmi jina lake la asili hadi mwaka 1977. Australia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1929 ilizuia asiingizwe nchini, wafugaji wakihofia kwamba ana damu ya mbwa mwitu na atamaliza kondoo. Naam, mbwa aliyezaliwa kuchunga kondoo alifungiwa mlango kwa zaidi ya miaka 40 ili kondoo wawe salama.

Je, sayansi inasemaje? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya maelezo ya mbwa zaidi ya 18,000 huko Marekani na kuchunguza vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao, ulionesha kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Zipo tabia zinazorithiwa zaidi kimbegu, kama utayari wa kufuata amri. Lakini wepesi wa kukasirika mbwa anapotishwa ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo mbegu haikuweza kuyatabiri.

Basi ukali tunaouona nyuma ya mageti yetu unatoka wapi? Sehemu kubwa tunautengeneza wenyewe. Mtoto wa mbwa huwa na kipindi kifupi, kuanzia wiki ya tatu hadi kati ya wiki ya 12 na ya 14, ambapo anajifunza ni vitu gani vya kawaida duniani: watu, watoto, pikipiki, mwenye kanzu, mwenye mwavuli, mwuza maji. Anayekosa kuviona vitu hivyo wakati huo huviogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma upesi. Sasa tazama tunavyofanya. Mbwa wa mbegu hununuliwa akiwa mdogo, hufungiwa bandani kuanzia siku ya kwanza ili asizoee watu, hufunguliwa saa nne usiku na kufungwa tena alfajiri. Wapo wanaompa pilipili wakiamini inaongeza hasira. Siku banda likiachwa wazi na mtoto wa jirani akafuata mpira wake uani, lawama yote huenda kwa mbegu.

Hapa wafugaji nao wasijitoe. Wengi wanaolalamika kwamba majirani wanamwogopa mbwa wao bure ndio walewale waliotoa fedha nyingi kununua hofu hiyo. Hawakumchukua Rottweiler kwa sababu mababu zake walisukuma ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wauza nyama wa mji wa Rottweil. Walimchukua kwa sababu mwizi akimwona atageuza njia. Kisha wakapachika getini kibao cha "Mbwa Mkali". Huwezi kumtaka mwizi aamini kibao na jirani asiamini.

Kwa ndugu zetu Waislamu, hasa wa Pwani ambako madhehebu ya Shafi yametawala, jambo lina sura nyingine ambayo wafugaji wengi huipuuza kwa kuiita ushamba. Mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani anayekwenda msikitini na kukwepa mbwa wako hajamtukana mbwa. Analinda udhu wake. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba, na huko Ghuba mbwa aina ya saluki ameheshimiwa na wawindaji kwa karne nyingi. Kumshika mbwa wako kwa kamba fupi mtu huyo anapopita ni adabu ya kawaida ya ujirani.

Imani iliyo hatari kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayomwepusha mbwa wa mbegu na kichaa. Ni jambo la kawaida kumsikia mtu aliyeumwa na mbwa wa nyumba ya kitajiri akiambiwa asiwe na wasiwasi, yule ni mbwa wa kizungu, anakaa ndani. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisomi vyeti vya nasaba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, walio wengi wakiwa Afrika na Asia, na watoto wakiwa sehemu kubwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, awe ameumwa na koko au na bingwa wa maonesho.

Kwa upande mwingine, kinachouzuia ugonjwa huu kinajulikana: kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliutokomeza, ukarudi mwaka 2016, ukatokomezwa tena kufikia mwaka 2018. Wala si mbwa wa mbegu waliopanga foleni kule.

Huyu koko tunayemdharau naye ana kisa chake. Yuko mbwa anayeitwa basenji, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo. Limetoka Kongo, katika maneno ya Kilingala ambayo kwetu yangekuwa "mbwa wa washenzi". Ni mbwa wa vijijini, mwembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, habweki kama wengine. Mwaka 1937 alioneshwa katika maonesho ya Crufts, jijini London, na tangu hapo akawa mbwa wa mbegu mwenye vyeti na bei yake. Lakini kwa kuwa wote waliozaliwa ng'ambo walitokana na wazazi wachache, maradhi ya kurithi, likiwamo la figo, yakawaandama. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua upya daftari lake la nasaba ili kuwaingiza mbwa wapya waliochukuliwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yaani damu ya koko ilikwenda kuisaidia mbegu safi.

Kwetu biashara ya mbwa wa mbegu inakua, hasa kwa matangazo ya kwenye simu, na sehemu kubwa inaendeshwa kwa maneno matupu. Neno "pure" peke yake, bila karatasi yoyote, hupandisha bei mara kadhaa. Mnunuzi huuliza maswali mawili: masikio yatasimama, na atakuwa mkali? Halipo la chanjo, wakati parvo inaua watoto wa mbwa kwa siku chache, na halipo la nyonga, wakati German Shepherd wanajulikana kurithi ubovu wa nyonga unaowafanya washindwe kunyanyuka wakiwa bado na umri mdogo.

Halmashauri zetu zikitaka kutunga kanuni, zianzie kwenye mambo yanayopimika kwa kila mbwa bila kujali sura yake: kadi ya chanjo ya kila mwaka, uzio usiopitika, mwenye mbwa kulipia matibabu ya aliyeumwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kuweka msingi kwamba mnyama asiteswe. Mbwa aliyefungiwa bandani mwaka mzima anaangukia humo.

Na anayekwenda kununua wiki hii aombe kwanza kumwona mama wa watoto hao. Akubali kumchukua mtoto akiwa na wiki nane, si tano, na kadi ya chanjo iwe na mhuri wa daktari wa mifugo. Kama mama mwenyewe hasogeleki hata na anayempa chakula, aondoke, hata masikio yakiwa yamesimama vipi.